Namba inayoonekana na namba iliyo ndani



Katika somo hili tunataka kuzungumza juu ya jambo dogo lililoleta maneno makubwa shuleni kwetu mwisho wa mwaka wa masomo uliopita. Wengi wenu mnalikumbuka. Siku ya palmaresi, orodha ya pointi za darasa la nne ilibandikwa kwenye mlango. Wenzetu wawili walikuwa na namba ileile: 50. Lakini pembeni ya jina la mmoja paliandikwa «amepita», na pembeni ya jina la mwingine paliandikwa «hakupita».

Baba ya yule wa pili alisimama mbele ya mlango, akasoma, akasoma tena, kisha akauliza: «Hamsini ya mwanangu na hamsini ya mtoto wa mwingine zina tofauti gani?» Hakuna aliyemjibu. Mbele ya saa sita watu walikwisha kuanza kusema kwamba kuna mzazi aliyelipa kitu. Mwalimu aliyetayarisha orodha alipata haya mbele ya watu wote, na kumbe hakuiba hata nusu pointi.

Mchana ule prefe wetu alituita, sisi wa kikundi cha hesabu, tuangalie orodha pamoja na mwalimu yule ndani ya kompyuta. Haikuchukua hata dakika kumi. Wa kwanza alipata pointi 623 juu ya 1240. Wa pili alipata 615 juu ya 1240. Gawanyeni wenyewe: wa kwanza iko na 50,24 kwa mia, wa pili iko na 49,60 kwa mia. Kompyuta ilijua vizuri kwamba namba hizi mbili haziko sawa. Njo maana iliandika «amepita» kwa mmoja na «hakupita» kwa mwingine. Lakini ilikuwa imeagizwa kuonyesha namba bila kitu nyuma ya virgule, basi zote mbili zikaonekana 50.

Tangu siku ile tulisema: somo hili tunapashwa kuliandika, ili lisitokee tena.

1. Vitu viwili katika kisanduku kimoja

Ukiangalia kisanduku kimoja cha jedwali ndani ya kompyuta, unaona namba moja. Lakini kweli kuna vitu viwili. Cha kwanza ni namba yenyewe, ile ambayo mashini inaichunga ndani na kuitumia katika hesabu. Cha pili ni sura ya namba, ile ambayo mashini inakuonyesha machoni.

Ni sawa na mtu na nguo zake. Leo amevaa kitenge, kesho amevaa suti, lakini iko mtu yuleyule. Nguo zimebadilika, uzito wake haukubadilika. Vilevile 49,5967741935484 inaweza kuvalishwa 49,597, au 49,6, au 50. Ndani bado ni ileile.

Jaribuni jambo hili la kuchekesha. Katika kisanduku kimoja andikeni 2,4. Katika cha chini andikeni tena 2,4. Katika cha tatu jumlisheni. Mtapata 4,8. Sasa agizeni mashini isionyeshe kitu nyuma ya virgule. Mtaona: 2, na 2, na jumla 5. Mbili na mbili ni tano! Mashini haikukosea. Ilijumlisha zile za ndani, kisha ikavalisha kila namba nguo fupi. Anayesoma karatasi njo atakayesema kwamba mwenye kuandika hajui hesabu.

Basi shika neno hili, kwa sababu somo lote linasimama juu yake: kubadili sura si kubadili namba, na kuna mara nyingine mtu anabadili namba akifikiri anabadili sura tu. Shida zote zinatoka katika kuchanganya mambo haya mawili.

2. Si sisi peke yetu

Msifikiri kwamba kosa hili ni la shule ndogo tu. Tutawaeleza mambo matatu yaliyotokea ngambo, kwa watu wenye elimu nyingi na mashini za bei kali.

La kwanza. Mwaka 1961 mwanasayansi Edward Lorenz alikuwa akifanya kazi katika chuo kikuu cha MIT, Marekani. Alikuwa na kompyuta iliyohesabu mwenendo wa hali ya hewa. Siku moja alitaka kurudilia sehemu ya hesabu. Hakuanza tangu mwanzo. Alichukua namba kutoka kwenye karatasi iliyochapwa na mashini, akaziingiza tena, kisha akaenda kunywa kahawa. Aliporudi, hali ya hewa ya hesabu mpya ilikuwa imeachana kabisa na ile ya zamani. Alifikiri kwanza mashini imeharibika. Lakini sababu ilikuwa hii: ndani, mashini ilichunga tarakimu sita nyuma ya virgule, 0,506127, kwenye karatasi ilichapa tatu tu, 0,506, ili kupunguza nafasi. Lorenz aliingiza nguo akifikiri ni mtu. Tofauti ya 0,000127 ilikua, ikakua, mpaka ikaharibu yote. Yeye hakukasirika, alichunguza jambo hilo, na mwaka 1963 akaandika juu yake. Leo linafundishwa ulimwenguni pote: vitu vingine havitabiriki mbali, kwa sababu kosa dogo la mwanzo linakuwa kubwa.

La pili. Tarehe 5 Aprili 1992 kulikuwa uchaguzi katika jimbo la Schleswig-Holstein, kaskazini mwa Ujerumani. Sheria inasema kwamba chama kisichofika 5 kwa mia hakipati kiti bungeni. Usiku ule karatasi za kompyuta zilionyesha kwamba chama cha Kijani kimepata 5,0. Watu wa chama wakafurahi. Kisha mtu akaangalia vizuri: hesabu yenyewe ilikuwa 4,97. Programu ilikuwa imeagizwa kuonyesha tarakimu moja tu nyuma ya virgule, na 4,97 ikivalishwa hivyo inaonekana 5,0. Viti vikagawanywa upya. Chama cha Kijani hakikupata hata kimoja, na chama cha SPD kikapata viti 45 katika 89, maana yake wingi kwa kiti kimoja. Mnaona? Ni hadisi yetu ya mlango, lakini kwa jimbo zima.

La tatu ni tofauti kidogo, na tunaliweka hapa kusudi. Katika mji wa Vancouver, Kanada, soko la hisa lilianza mwezi wa kwanza 1982 kuchunga namba moja iliyoonyesha kama bei zinapanda au zinashuka. Ilianza na 1000. Kila mara hisa ilipouzwa, maelfu ya mara kila siku, mashini ilihesabu upya namba ile, kisha ikakata yote yaliyo nyuma ya tarakimu ya tatu ya virgule. Haikukata sura tu. Ilikata namba yenyewe, na hesabu iliyofuata ilianzia kwenye ile iliyokatwa. Kila mara ilipoteza kitu kidogo sana, kama punje moja ya mchele. Mwezi wa kumi na moja 1983 namba ilikuwa imeshuka mpaka 524,811. Walipohesabu tena vizuri, walikuta ilipashwa kuwa 1098,892. Punje moja moja, zilikwisha kumaliza karibu nusu ya gunia.

Hadisi ya kwanza inatufundisha: usichukue sura ukaitumia kama namba. Ya pili: usihukumu kwa sura. Ya tatu: usikate namba katikati ya kazi.

3. Namna ya kubadili sura katika Excel

Wengi kati yetu tunatumia Excel ya kifaransa. (Wenye LibreOffice Calc, ambayo haina malipo, watafuata karibu njia ileile.)

Chagua visanduku unavyotaka. Bonyeza pamoja Ctrl na 1. Dirisha la «Format de cellule» litafunguka. Katika «Nombre» unaweza kuandika tarakimu ngapi unataka zionekane nyuma ya virgule. Kuna pia njia ya mbio: juu, katika «Accueil», kuna vifungo viwili vidogo vyenye sifuri na mshale, kimoja kinaongeza tarakimu, kingine kinapunguza. Bonyeza uone: 50, kisha 49,6, kisha 49,60, kisha 49,597. Namba ya ndani haikuguswa. Ukitaka kuiona, weka tarakimu nyingi. Excel inachunga tarakimu 15 zenye maana, haipiti hapo.

Sasa angalieni mambo manne ambayo yanadanganya watu.

(a) Alama ya kwa mia. Ukimvalisha 0,4959 nguo ya «Pourcentage» bila kitu nyuma ya virgule, itaonekana 50 %. Lakini ndani bado ni 0,4959, haiko 49,59. Mtu akiandika kanuni ya kuuliza kama kisanduku kimefika 50, darasa lote litakosa, hata yule wa kwanza! Hapo anapashwa kuuliza kama kimefika 0,5.

(b) Kazi inayoitwa ARRONDI. Hii si nguo, hii ni kisu. =ARRONDI(B2;0) inatengeneza namba mpya ambayo ni 50 kweli, ndani na inje. Na nyingine, TRONQUE, inakata bila kuuliza: 49,9 inakuwa 49. Kuzitumia si kosa, lakini ujue kwamba umebadili namba. Zaidi ya hayo, katika Options kuna kisanduku kinachosema habari ya «précision au format affiché». Ukikitia alama, Excel itakata namba zote za faili kufuata sura zake, na hutaweza kurudi nyuma kwa kuongeza tarakimu tena. Kiache.

(c) Kutia faili katika CSV. Excel ikichunga jedwali kwa namna ya CSV, inaandika zile zinazoonekana, haiandiki zile za ndani. Yaani, kama jedwali linaonyesha 50, CSV itakuwa na 50, na 49,5967 imepotea. Ni karatasi ya Lorenz kabisa! Mbele ya kutia katika CSV, rudisha tarakimu zote.

(d) Alama za ####. Mara nyingi wanafunzi wanaogopa wakiziona. Namba haikuharibika. Nguzo iko nyembamba, namba haienei. Panua nguzo, itaonekana.

4. Namna ya kubadili sura katika R

R ni programu ya takwimu iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika chuo kikuu cha Auckland, New Zealand, katika miaka ya 1990. Haina malipo, na inafanya kazi hata katika kompyuta ya zamani. Njo maana tunapenda wanafunzi wa darasa la tano na la sita waizoee. Humo unaandika maagizo kwa mkono, basi tofauti ya sura na namba inaonekana wazi kuliko katika Excel.

Andika: pointi <- 615/1240*100. Kisha andika: pointi. R itajibu 49.59677. Kwa desturi R inaonyesha tarakimu 7 zenye maana. Angalieni: inahesabu tarakimu zote, za mbele na za nyuma ya nukta, si zile za nyuma tu kama Excel. Wengi wanakosea hapo.

Sasa andika: print(pointi, digits = 2). Inajibu 50. Kisha uliza: pointi >= 50. Inajibu FALSE, maana yake si kweli. Kumbe ile 50 ilikuwa nguo.

Sasa andika: round(pointi) >= 50. Inajibu TRUE, ni kweli! Kwa sababu round ni kisu, haiko nguo. Maagizo haya mawili yakiwekwa pamoja yanaeleza hadisi yote ya mlango wetu. Tunawashauri walimu wa hesabu kuyaandika kwenye ubao.

Ukitaka kubadili sura kwa kazi yote ya siku ile, andika: options(digits = 5). Tangu hapo pointi itaonekana 49.597. Na ukitaka daima tarakimu mbili nyuma ya nukta kwa kuchapa katika ripoti, andika: sprintf("%.2f", pointi). Itatoa "49.60". Lakini jihadhari: ile iliyotoka haiko namba tena, ni maandishi. Huwezi kuijumlisha. Ichape tu, usiihesabu.

Neno moja la ziada kwa wale wa darasa la sita. Andikeni katika R: 0.1 + 0.2 == 0.3. Itajibu FALSE! Msishangae. Mashini inaandika namba ndani yake kwa mbili-mbili, si kwa kumi-kumi kama sisi, na moja ya kumi haiandikiki kabisa kwa njia hiyo, sawa vile sisi hatuwezi kumaliza kuandika moja ya tatu: 0,333... Andikeni print(0.1 + 0.2, digits = 17), mtaona mkia mdogo uliofichwa: 0.30000000000000004. Kila siku mkia huo uko, lakini nguo inaufunika. Hapo sura fupi inatusaidia, haitudanganyi.

Na neno lingine: 2,5 ikikatwa bila virgule, ARRONDI ya Excel inatoa 3, lakini round ya R inatoa 2, kwa sababu R ikiwa katikati kabisa inakwenda kwenye namba ya shufwa. Watu wawili wenye programu mbili wanaweza kugombana bure.

Wenye kutumia SPSS watakuta katika orodha ya vigeuzi nguzo inayosema tarakimu ngapi zionekane nyuma ya virgule. Hiyo pia ni nguo tu.

5. Virgule na nukta

Sisi huku tulifundishwa kifaransa, basi tunaandika 49,6 kwa virgule. Na wazee wetu wanaandika 1.500 wakimaanisha elfu moja mia tano. Lakini ndugu zetu wa Uganda, Kenya na Tanzania, waliofuata waingereza, wanaandika 49.6 kwa nukta, na elfu moja mia tano kwao ni 1,500. Karatasi moja ya bei ikivuka mpaka, maana inageuka.

Mashini nayo iko vile. R inasoma nukta. Ukiipa 1.500 ya baba yako, itafikiri ni moja na nusu, na haitakuambia kitu. Ukiwa na faili ya CSV iliyotoka katika Excel ya kifaransa, yenye virgule na nukta-virgule, usitumie read.csv, tumia read.csv2, hiyo imetengenezwa kwa ajili ya desturi yetu. Na ukitaka R ikuonyeshe virgule, andika: options(OutDec = ","). Hiyo inabadili nguo tu. Katika maagizo yako utaendelea kuandika nukta.

Kwa upande mwingine, kama kompyuta imepangwa kwa kifaransa, na mtu akaandika 49.6 kwa nukta katika Excel, itaichukua kama maandishi. Utaitambua: inashikamana upande wa kushoto wa kisanduku, ila namba za kweli zinakaa kuume. SOMME itairuka, na jumla ya mwanafunzi itapunguka bila mtu kujua. Hii ni hatari kuliko yote tuliyosema, kwa sababu macho yanaona 49.6 na kuridhika.

Nani ana haki, mwenye virgule au mwenye nukta? Wote wawili. Mkutano mkuu wa mataifa juu ya vipimo ulisema mwaka 2003 kwamba alama zote mbili zinafaa. Na tangu mwaka 1948 mkutano huohuo unashauri namba ndefu zigawanywe tatu-tatu kwa nafasi tupu, bila nukta wala virgule: 1 500 000. Tungefurahi kama shuleni kwetu sote tungeandika hivyo.

6. Herufi E ndani ya namba

Mwaka huu tulisaidia kuandika jedwali la namba za simu za wazazi. Tulianza na 243, kisha tarakimu tisa, jumla tarakimu 12. Excel ikatuonyesha kitu kinachoanza na 2,4 na kuisha na E+11. Mwenzetu mmoja alifikiri virusi imeingia! Hapana. E+11 maana yake ni «mara kumi, mara kumi, mara 11». Ni namna ya kifupi ya kuandika namba kubwa. R nayo inafanya hivyo: ukiandika 100000 itajibu 1e+05. Ukitaka iache, andika: options(scipen = 999).

Lakini namba ya simu si namba ya kuhesabu. Nani atajumlisha simu ya mzazi huyu na ya yule? Ni jina lililoandikwa kwa tarakimu. Basi mbele ya kuandika, patia nguzo ile sura ya «Texte». Usipofanya hivyo, simu inayoanza na sifuri itapoteza sifuri yake. Na namba ya kitambulisho yenye tarakimu zaidi ya 15, Excel itabadili za mwisho kuwa sifuri. Hapo haikubadilisha nguo. Imekata mtu mguu.

7. Mashauri yetu

Kwanza, fanya hesabu yote kwa namba nzima za ndani. Punguza tarakimu mwisho kabisa, wakati wa kuchapa.

Pili, kama kuna mpaka (50 kwa kupita, au kingine), onyesha tarakimu za kutosha ili anayesoma aone nani yuko juu na nani yuko chini. Kwa pointi, tarakimu mbili zinatosha mara nyingi.

Tatu, usionyeshe nyingi kupita kiasi pia. Kuandika 49,5967741935484 kwenye buletini ya mtoto ni kujigamba bure. Mtihani haukupimwa kwa namna hiyo.

Nne, usiandike tena kwa mkono namba uliyoisoma kwenye karatasi kama faili yenyewe iko.

Tano, chini ya kila jedwali andika namna ulivyopunguza: «Namba zimepunguzwa mpaka tarakimu mbili, jumla inaweza kuachana kidogo.» Mstari mmoja tu, lakini unaokoa jina la mtu.

Sita, kama baraza la walimu linataka kuhesabu 49,5 kama 50, hiyo iko mamlaka yake. Lakini iamuliwe na watu, iandikwe, na isemwe mbele ya mtihani. Isiamuliwe na kifungo cha kompyuta.

Mwisho

Mnataka kujua hadisi ya mlango iliishaje? Prefe alimwita baba yule ndani ya biro, na mwalimu akaongeza tarakimu mbili mbele ya macho yake. 50 ikageuka 50,24. 50 nyingine ikageuka 49,60. Baba alinyamaza, kisha akasema: «Sasa ninaona. Lakini kwa nini hamkuandika hivi tangu asubuhi?» Alikuwa na haki. Mwenzetu alirudilia mtihani wake, akapita, na leo tuko naye katika darasa la tano. Orodha mpya ilibandikwa siku ile ile. Kati ya watu waliomsema mwalimu vibaya, wengine walirudi kumwomba msamaha. Wengine hawakurudi.

Kwa ajili ya hao tumeandika somo hili.

Maulizo

1. Visanduku vitatu vina 33,4 kila kimoja, na cha nne kina jumla. Vyote vinaonyeshwa bila virgule. Utaona nini?

2. Mwanafunzi amepata pointi 619 juu ya 1240. Mashini inaonyesha tarakimu moja nyuma ya virgule. Inaonyesha ngapi? Amefika 50?

3. Mwenzako amechapa print(x, digits = 3), akaona 12.3. Kisha ameandika x*1000, akaona 12345.6. Anasema R imeharibika. Utamjibu nini?

4. Mfanyabiashara wa Bukavu anatuma Kampala karatasi iliyoandikwa «2.750». Namba hii inaweza kusomwa namna mbili zipi? Angeiandikaje ili wote waelewe?

Majibu. (1) 33, 33, 33, na jumla 100. Kwa sababu ndani ni 100,2. (2) 49,9, hakufika. Bila virgule ingeonyesha 50. (3) R haikuharibika. Print ilibadili sura tu, na ndani x bado ni 12.3456. (4) Elfu mbili mia saba na hamsini, au mbili na robo tatu. Angeandika 2 750.